Mlango wa Ohinga: historia ya kulinda maarifa ya jamii, kutoka Ndhiwa hadi kwenye hifadhidata

Leo naweka msimbo kando nizungumzie historia. Usikimbie lakini, maana mwishoni tutarudi kwenye majedwali na ruhusa za watumiaji. Utaona kwamba jambo tunalodhani limezaliwa na kompyuta, wazee wa kusini mwa Nyanza walilishughulikia kabla nyaya za umeme hazijafika Afrika Mashariki.

Swali ni hili: maarifa ya jamii kuhusu mimea, mbegu, mifugo na ardhi ni mali ya nani? Na yakishaingizwa kwenye kompyuta, ufunguo anaushika nani?

Nauliza kwa sababu Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayozitaka serikali za kaunti ziwe na daftari la maarifa ya jadi. Daftari la siku hizi ni hifadhidata. Mtu fulani atapewa kazi ya kuiandika, na huenda mtu huyo ni wewe unayesoma hapa.

Ndhiwa, kwa wasiopajua

Ndhiwa ni eneo bunge katika kaunti ya Homa Bay. Ukitoka mji wa Homa Bay unapita Rodi Kopany, kisha unafika. Majina ya wadi zake yanatokana na majina ya watu wa pale: Kanyamwa, Kabuoch, Kanyadoto, Kanyikela, Kwabwai. Siku hizi wengi wanaijua kwa miwa. Upande wa kaskazini-magharibi, chini ya ukingo wa Kanyamwa, kuna bonde la Lambwe na Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Upande wa kusini kuna mpaka wa kaunti ya Migori, na ukiuvuka tu hauko mbali na Thimlich Ohinga.

Kama unafuata kandanda unaijua Ndhiwa bila kujua kwamba unaijua. Klabu ya Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968, imebeba jina la mtu wa Kanyamwa. Gor alikuwa kiongozi na mganga aliyeishi wakati ukoloni unaingia, na neno "mahia" linabeba maana ya maajabu. Masimulizi juu yake ni mengi, kila babu ana lake. Ila yote yanakubaliana juu ya jambo moja: nguvu zake zilitoka katika kujua vitu ambavyo watu wengine hawakuvijua, na kujua ni nani wa kuambiwa na ni nani wa kunyimwa.

Shika hilo la mwisho. Maarifa ya Wajaluo, kama ya jamii nyingine nyingi, hayakuwekwa yote kwenye chungu kimoja. Kuna yaliyo ya kila mtu: kwamba dek, apoth na osuga ni mboga, na zinapikwaje. Kuna ya nyumbani, yaliyo kwa mama na bibi: majani ya kumpa mtoto tumbo likimsumbua. Watafiti waliofanya kazi Bondo, ng'ambo ya ghuba, walikuta hata watoto wa shule wanajua dawa nyingi za porini na wanazitumia wenyewe. Halafu kuna ya mtaalamu, yanayorithiwa na mtu mmoja aliyechaguliwa, mara nyingi kwa masharti. Kwa lugha yetu, hizo ni ngazi tatu za ruhusa. Hakukuwa na neno la siri, lakini kulikuwa na mwenye kukupa na mwenye kukukatalia.

Ukuta uliojengwa bila udongo

Sasa twende Thimlich. Jina lenyewe kwa Dholuo linaeleza msitu mnene wa kutisha. Ohinga ni boma la mawe. Ni kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, nyingine zikipita mita 4 kwenda juu. Inaaminika zilijengwa katika karne ya 16. Ndani ya eneo hilo kuna maboma yenye majina ya watu waliokaa hapo, kama Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch.

Ufundi wake unavutia. Mawe hayakuchongwa. Makubwa yalipangwa upande wa nje na upande wa ndani, na katikati yakajazwa madogo ya kushikilia. Uzito wa jiwe moja ndio unaolibana jingine. Milango ni midogo na mifupi, kiasi kwamba mgeni lazima ainame. Mtu aliyeinama hawezi kurusha mkuki, na aliye ndani ana nafasi ya kumtazama kabla hajanyooka. Ng'ombe walilala ndani, na watu pia.

Hizi si kuta za pekee. Mabaki ya zaidi ya maboma 500 ya aina hii yamehesabiwa katika maeneo zaidi ya 130 ya sehemu hii ya ziwa. Mengi yameanguka. Mawe yamejengea nyumba au yamesambaa shambani. Kujenga boma la mawe kwenyewe kuliendelea hadi katikati ya karne ya 20, ingawa miji mingi ilikuwa imeshahamia kwenye ua wa ojuok, ule mnyaa wenye utomvu mweupe.

Kwa nini Thimlich ilibaki imesimama? Sababu moja ni ufundi. Nyingine ni watu. Jamii mbalimbali zilihamia pale kwa zamu, na kila iliyokuja ilitengeneza palipobomoka badala ya kuanza upya. Wakaaji wa mwisho walipoondoka katika karne ya 20, wanaoishi jirani waliendelea kupaheshimu kwa miiko. Mawe ya pale hayakuwa ya kubeba ovyo, na wazee walijua nani anaingia na kwa shughuli gani.

Serikali ilikuja baadaye. Eneo lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1981, likawa chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Wataalamu kama mwanaakiolojia Isaya Onjala wakalifanyia utafiti wa miaka mingi. Mwaka 2018, katika mkutano uliofanyika Manama, Bahrain, UNESCO iliingiza Thimlich Ohinga kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia.

Piga hesabu. Kutoka karne ya 16 hadi 1981 ni miaka mia nne na ushei. Muda wote huo hapakuwa na sheria ya bunge, ofisi wala bango la "usiguse". Kulikuwa na utaratibu wa wenyewe, unaojulikana na kila mtu na unaosimamiwa na watu wenye majina. Mtu anayesema kwamba jamii za vijijini haziwezi kusimamia urithi wao mpaka zije kufundishwa, mpeleke Thimlich akaitazame.

Dola ilipochukua ufunguo

Ukoloni ulivuruga utaratibu huu kwa njia mbili.

Ya kwanza ilikuwa juu ya maarifa. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilikusudiwa kukomesha vitisho na mauaji yanayohusishwa na uchawi, lakini ilitungwa na watu ambao mara nyingi hawakutofautisha mtu anayeroga na mtu anayechemsha gome la mti kutibu homa. Misheni nyingi nazo ziliwaona waganga wote kuwa kundi moja. Matokeo yake ni kwamba mwenye kujua alijificha. Mtoto aliyepaswa kurithi alipelekwa shule, akafundishwa kuona aibu. Maarifa hayakufa yote, ila yalipoteza wasikilizaji.

Ya pili ilikuwa juu ya ardhi, na iliendelea baada ya uhuru. Lambwe lilikuwa bonde la mbung'o na ugonjwa wa malale, kwa hiyo watu waliishi kandokando yake na kulitumia kwa tahadhari. Mwaka 1966 sehemu yake ikatengwa kuwa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1983 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita 120 za mraba hivi. Lengo ni zuri: Ruma ndiyo makao ya mwisho ya swala aina ya korongo nchini Kenya, na sensa ya wanyama ya mwaka 2021 iliwahesabu 15 tu. Kumi na watano! Bila uzio na askari huenda hata hao wasingekuwepo.

Lakini angalia namna ruhusa zilivyopangwa. Katika hifadhi ya taifa, kukata mti, kuchimba mzizi au kuwinda ni kosa kisheria. Mganga wa Kanyamwa aliyejua mzizi fulani unapatikana bondeni anakuwa mvamizi. Mtafiti mwenye kibali kutoka Nairobi au ng'ambo anaingia kwa heshima. Mlango upo, ila bawabu amebadilika, na bawabu mpya hana njia ya kumjua mwenyeji.

Somo kutoka Bogoria

Kama unadhani hayo ni malalamiko ya wazee tu, twende Baringo, maana ndiko somo hili lilikojifunzwa kwa gharama.

Ziwa Bogoria ni ziwa la magadi lenye chemchemi za maji moto. Waendorois waliishi kandokando yake hadi miaka ya 1970, walipoondolewa ili kupisha hifadhi ya wanyama. Mwaka 1992 watafiti kutoka Uingereza walikusanya vijidudu katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Vijidudu hivyo vinaishi katika maji ambayo yangekuchubua ngozi, kwa hiyo vimeng'enya vyake havishindwi na sabuni. Kampuni ya Marekani iitwayo Genencor ilitengeneza bidhaa kutokana na utafiti huo, mojawapo ikiwa ya kufifisha rangi ya nguo za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lililalamika hadharani kwamba vibali stahiki havikuwepo na kwamba nchi haikupata kitu. Upande wa pili ukajitetea. Katika mabishano hayo zilisikika sauti za shirika la serikali, kampuni na chuo kikuu. Waliozaliwa kando ya ziwa hawakusikika sana.

Waendorois walikuwa wameshapeleka kesi yao ya ardhi mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kesi namba 276 ya mwaka 2003. Uamuzi ulitangazwa mwezi Februari 2010: Kenya ilivunja haki zao za mali, utamaduni, dini, maliasili na maendeleo. Ni moja ya hukumu kubwa kuhusu jamii za asili katika bara hili, ingawa utekelezaji wake umekwenda kwa mwendo wa kinyonga.

Funzo la Bogoria ni kwamba mtu akiondolewa kwenye ardhi anaondolewa pia kwenye mazungumzo. Sampuli inasafiri ndani ya kichupa, na jina la mwenyeji linabaki nyuma.

Itifaki: neno tunalolijua sote

Sisi wa kompyuta neno itifaki tunalo mdomoni kila siku. HTTP ni itifaki: mashine moja inaomba, nyingine inajibu, na zote zimekubaliana mapema namna ya kuombana na namna ya kukataliana. Ukiomba kitu usichoruhusiwa unarudishiwa namba 403. Hakuna ugomvi, utaratibu unajulikana.

Itifaki ya kijamii inafanya kazi hiyohiyo. Jamii inakaa chini na kuandika: sisi ni nani, tunatunza nini, sheria zetu za mila zinasemaje, nani anazungumza kwa niaba yetu, na anayetaka kitu kwetu aanzie wapi. Wafugaji Wasamburu walikuwa kati ya wa kwanza Kenya, mwaka 2009, walipoandika juu ya mifugo yao ya asili, wakiwemo kondoo wekundu wa Kimaasai ambao wanasayansi wanawataka kwa kuwa wanastahimili minyoo. Waendorois nao wakaja kuandika yao.

Mwaka uliofuata wa Wasamburu, yaani 2010, mambo mawili makubwa yalitokea. La kwanza ni Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwezi Oktoba, inayosema kwamba anayechukua rasilimali za kijenetiki apate ridhaa kwanza na agawane faida. Kifungu cha 12 kinazitaka nchi zizingatie sheria za mila na itifaki za jamii zenyewe. Nagoya ilianza kutumika Oktoba 2014, na Kenya ilijiunga mwaka huohuo.

La pili ni Katiba ya Kenya ya 2010. Ibara ya 11 inataka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu na aina za mimea ya asili. Ibara ya 69 inaitaka Serikali ilinde maarifa ya jamii kuhusu bayoanuwai. Kwa Nagoya na Katiba, utaratibu wa wazee ukapata mahali pa kushikia.

Kisha ikaja Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni, namba 33 ya 2016. Hii ndiyo inayotuhusu zaidi. Inasema haki ni za jamii, hazitegemei usajili, na ulinzi unaendelea kadiri maarifa yanavyoendelea kuwa ya jamii hiyo. Hakuna muda wa kuisha kama ilivyo kwa hakimiliki au hataza. Inataka ridhaa kabla ya matumizi. Na inazipa kaunti kazi ya kusajili na kutunza daftari, huku Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ikishika hazina ya kitaifa ya kidijitali.

Usidhani kila sheria imekwenda upande huo. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, baada ya kurekebishwa mwaka 2012, ilimweka hatarini mkulima anayeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa: kifungo hadi miaka miwili au faini hadi shilingi milioni moja. Fikiria bibi wa Kabuoch anayempa jirani kiganja cha mbegu za dek, kama mama yake alivyofanya. Wakulima 15 wadogo walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba.

Lakini wewe si mtu wa programu huria?

Najua kuna msomaji ameanza kukunja uso. Miaka yote kwenye kurasa za aina hii tumehubiri programu huria: fungua msimbo, sambaza, maarifa yakifungwa yanaoza. Leo nahubiri milango?

Tafadhali kumbuka historia yetu wenyewe. Richard Stallman alipoanzisha mradi wa GNU mwaka 1983, na leseni ya GPL ilipotoka mwaka 1989, hawakusema "chukueni mfanye mtakavyo". GPL ni lango lenye masharti: ingia, tumia, badilisha, lakini ukisambaza lazima uwape wengine uhuru uleule. Jamii ya watu iliandika itifaki yake na kuiweka kwenye kila faili. Kampuni zilizojaribu kuchukua bila kutii zimepelekwa mahakamani. Programu huria iliishi kwa sababu ilikuwa na ukuta, na ukuta huo ulijengwa na wenyewe.

Tatizo ni kwamba GPL na Creative Commons zimesimama juu ya hakimiliki, na hakimiliki inataka mwandishi anayejulikana na tarehe ya kuisha. Maarifa ya Ndhiwa hayana mwandishi mmoja wala tarehe. Kwa sheria ya kawaida ya hakimiliki yanaonekana kama shamba lisilo na mwenyewe, na shamba la namna hiyo halikosi mtu wa kupima na kuweka vigingi. India iliyaona haya. Hataza ya Marekani juu ya manjano ya kuponya vidonda ilitolewa mwaka 1995, ikafutwa mwaka 1997 baada ya Wahindi kuleta maandishi ya kale kuthibitisha kwamba jambo hilo halikuwa jipya. Ndipo mwaka 2001 wakaanza maktaba ya kidijitali ya maarifa ya jadi. Kwa miaka mingi iliyofunguliwa mlango ni ofisi za hataza, tena kwa mkataba wa kutotoa siri. Ni mlango mwembamba, kama wa ohinga.

Kuna na mfano wa programu. Waaborijini Wawarumungu wa Tennant Creek, Australia, mwaka 2007 walishirikiana na watafiti kutengeneza hifadhi ya picha na kumbukumbu zao. Ikazaa Mukurtu, programu huria inayoweza kutumiwa na jamii yoyote. Ndani yake kila kitu kinabeba itifaki yake: hiki ni cha wote, hiki ni cha ukoo fulani, hiki ni cha wanawake tu. Msimbo uko wazi kabisa. Yaliyomo yanafuata mila. Hayo mawili hayapingani hata kidogo.

Kama kazi ya daftari itakuangukia

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli. Bibi akifa bila kusimulia, kumekwisha. Ila daftari lililoachwa wazi sokoni nalo linapoteza mali, tena kwa kasi zaidi. Yafuatayo nayaona kuwa ya msingi kwa yeyote atakayeandika hifadhidata ya aina hii.

1. Mwenye mali awe jamii, kaunti isiwe mwenye mali. Ndhiwa inatuonyesha kwa nini. Homa Bay inapakana na Migori, na mpaka huo umechorwa katikati ya watu wenye lugha, koo na dawa zilezile. Ukivuka mpaka wa nchi unawakuta wengine Rorya, mkoani Mara, Tanzania. Ukitumia kaunti kuwa ufunguo mkuu wa jedwali, mti mmoja utakuwa na wamiliki wawili wanaoshindana, na mnunuzi mjanja atakwenda kwa aliye rahisi. Jamii moja, kaunti nyingi: uhusiano huo uandike tangu siku ya kwanza.

2. Tenganisha ushahidi na yaliyomo. Kuandika kwamba jamii fulani ina tiba ya ugonjwa fulani, inayoshikwa na ukoo fulani, kunatosha kuthibitisha haki. Hakukulazimu kuandika mzizi gani, kipimo gani, unachanganywa na nini. Rekodi iseme "muulize fulani", kama mlango mfupi unaomfanya mgeni ainame kwanza.

3. Weka ngazi za ruhusa kama zilivyo kwa wenyewe. Mboga ziwe wazi. Tangu 2007 Makavazi ya Kitaifa na washirika wake waliorodhesha mimea ya asili ya chakula ipatayo 850 pamoja na majina yake ya kienyeji, na mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya kufufua vyakula vya asili Kenya kuwa mfano bora. Wataalamu kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wamezitoa mboga hizi kwenye dharau na kuzifikisha sokoni. Huo uwazi umewafaa watu. Usiupeleke kwenye dawa za siri bila kuuliza.

4. Ridhaa iwe na tarehe, jina la kikao na njia ya kuiondoa. Kisanduku kimoja cha "nakubali" hakitoshi. Jamii inaweza kukubali leo kwa utafiti na kukataa kesho kwa biashara.

5. Yaliyokwishachapishwa yawekewe alama. Profesa John Kokwaro alitoa kitabu cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki mwaka 1976, na mwaka 1998 yeye na Timothy Johns wakatoa kamusi ya viumbe kwa Dholuo. Hizo ni kazi za thamani kubwa, na zinasaidia kuthibitisha kwamba maarifa haya ni ya zamani. Rekodi ionyeshe kipi kimeshatoka na kipi bado, maana kilichotoka hakirudi.

Hilo la tano lina uzito zaidi leo. Zamani mtu alilazimika kubeba mmea wenyewe. Siku hizi mpangilio wa jeni unapakiwa kwenye hifadhidata za kimataifa na yeyote anaupakua bila kukanyaga Lambwe, na programu za akili bandia zinasoma kila ukurasa ulioachwa wazi. Dunia imeanza kuamka. Mei 2024 nchi wanachama wa WIPO walikubaliana juu ya mkataba unaomtaka mwomba hataza ataje asili ya rasilimali na maarifa aliyotumia. Unasubiri kuridhiwa na nchi 15 ndipo uanze kutumika. Februari 2025 ukazinduliwa Mfuko wa Cali, ambao kampuni zinazofaidika na mipangilio ya jeni zinatarajiwa kuuchangia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu iende kwa jamii za asili na wenyeji. Kutoa ni hiari bado. Lakini hata fedha zikija, watapewa akina nani? Wale wanaoonekana kwenye rekodi kwa majina yao. Jamii isiyo na itifaki wala daftari lake itasikia habari hizo redioni tu.

Nimalizie

Haina maana kwamba mila zote ni nzuri, au kwamba kila mzee anasema kwa niaba ya wote. Itifaki ya kijamii inaweza kutekwa na wachache, hasa pale wanawake, ambao ndio wanaojua mbegu na dawa za watoto, wasipokaribishwa kikaoni. Kwa hiyo mwanaprogramu akienda Ndhiwa asikae na chifu peke yake akadhani amemaliza. Akae na akina mama sokoni, akae na vijana, halafu ndipo afungue kompyuta.

Waliojenga Thimlich hawakuacha maandishi, lakini ukuta wenyewe unasomeka: anayeingia ataonwa kwanza, na anayeamua ni aliye ndani. Tukiandika daftari la kaunti kwa kunakili fomu ya usajili wa biashara, tutakuwa tumebomoa ukuta huo kwa kubofya mara moja. Tukiliandika kwa kukaa na wenyewe, tutakuwa tumefanya kama kila kizazi kilichohamia pale: tumekuta mawe, tumetengeneza palipobomoka, tumewaachia wanaokuja.

Kwa leo naishia hapa. Kama unatoka Kanyamwa, Kadem, Gwassi au Rorya na unajua jinsi kwenu mlivyopanga nani aambiwe nini, niandikie, ila usinitumie siri yenyewe. Nieleze mlango tu.